Kasuku wa Bucha na Kidonge Asichokisikia

Wewe ulimwona. Usiseme hukumwona. Ulisimama mbele ya dirisha la bucha, ukamwona mwenye bucha akishika kifua na kuegemea gogo la kukatia nyama. Ukageuza uso. Ukajifanya unachagua mbavu. Ulipofika nyumbani ukasema, "Yule naye anazeeka," kisha ukaendelea na yako.

Wala hakuwa wa kwanza. Mtaa unasahau upesi, lakini si kila mtu amesahau. Palikuwa na fundi baiskeli pale kona. Alianguka asubuhi, mdomo umekwenda upande. Wengine walisema karogwa. Wengine walisema kalewa, na mtu mwenyewe pombe hata kuinusa alikuwa hanusi. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa na dawa za moyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini aliziacha. Alizikwa, watu wakanawa mikono, basi.

Sasa sikiliza habari za mwenye bucha. Yake imeishia kwenye furaha. Lakini furaha hiyo haikuanguka kama mvua. Ilitafutwa.

Mtaani walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila asubuhi sauti yake ilitangulia, bucha ikafuata. Kabla hajafungua mlango, mtaa mzima umeshajua kama leo kuna maini. Mkewe alikaa kwenye mizani. Binti yao mkubwa alifunga nyama na kuosha mabeseni. Kasuku mwenyewe alikata, akapiga msumeno, akazungumza.

"Mama, robo kilo kwa watu saba? Hiyo nyama mtaila au mtaiangalia?"

"Wewe kata, Kasuku! Mdomo wako una mafuta kuliko hiyo nyama."

Watu wakacheka. Ndivyo siku zilivyokwenda pale.

Lakini moyo wake ulikuwa ukimsumbua. Mara unakimbia. Mara unajikwaa. Mara unatulia kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu unakimbia tena. Mkewe akamkokota hospitali. Wakampima kwa nyaya kifuani. Daktari akamwambia kwamba mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, na kwamba atahitaji dawa kila siku.

Kwenye dirisha la dawa alipewa bahasha mbili.

"Hii nyeupe ya kutuliza mapigo. Hii ya pinki ya kufanya damu iwe nyepesi. Mwingine!"

Basi. Hayo tu. Mtu akinunua redio anaelezwa namna ya kuiwasha na kuizima. Akipewa dawa ya kulinda maisha yake, anaambiwa ampishe mwingine.

Kidonge cheupe Kasuku alikisikia. Mwanzoni kilimchosha. Alipanda ngazi za nyumbani kwake kama mtu aliyebeba nusu ng'ombe. Nusura akiache. Kisha mwili ukazoea, na moyo ukaacha kukimbia ovyo.

"Hiki ndicho kidonge!" alimwambia mkewe. "Hiki nakisikia kikifanya kazi."

Cha pinki hakukisikia hata kidogo. Alikimeza, akangoja, kimya. Tena lile neno "nyepesi" lilimkaa rohoni kama mfupa kooni. Kazi ya nyama alifundishwa na mjomba wake. Mjomba alimwonyesha namna ya kumjua mnyama kwa damu yake. Damu nyekundu na nzito, mnyama mzima. Damu nyepesi iliyopauka, mnyama mgonjwa, usimguse.

"Nimekataa ng'ombe wangapi kwa sababu ya damu nyepesi?" alijiuliza. "Leo nijitie damu hiyo mwenyewe?"

Siku moja kisu cha kutolea mifupa kikamteleza, kikamkata kidole. Kidonda chenyewe kidogo. Lakini damu ikatoka, ikatoka, ikachafua nyama iliyokuwa kwenye gogo. Mteja akakunja uso, akaondoka bila kununua. Kasuku akaona aibu. Muuza nyama anayeitia nyama damu yake mwenyewe, nani atanunua kwake?

Tangu siku hiyo aliacha cha pinki. Hakumwambia mtu. Asubuhi alimeza cheupe mbele ya mkewe, akagugumia maji kwa kishindo.

"Nimekunywa dawa!"

Hakudanganya. Lakini ukweli nusu ni uongo mzima.

Ikafika Jumamosi. Bucha imejaa. Kasuku alikuwa akisimulia kisa cha mlevi mmoja aliyegombana na mlango wake mwenyewe, na watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajafika mbali. Akafika pale mlevi anapoanza kusema. Maneno yakatoka yamevurugika. Mdomo ukashuka upande mmoja.

Watu wakaangua kicheko.

"Jamani, baba watoto!" mkewe alisema, akifuta machozi ya kucheka. "Mwache mlevi wa watu!"

Ndani ya kichwa chake Kasuku maneno yalikuwa yamenyooka. Alitaka kusema, "Mama watoto, nisaidie." Kilichotoka kilikuwa uji. Akasema tena. Uji tena. Watu wakazidi kucheka, na mmoja akapiga makofi. Kisu kikamponyoka mkono wa kulia. Akautazama mkono ule kama mkono wa mgeni. Hajawahi kuogopa vile, naye amesimama katikati ya watu wanaompenda, wote wanacheka.

Kwenye foleni palikuwa na muuguzi wa kliniki ya moyo, amekuja kununua mifupa ya supu. Akawasukuma watu.

"Nyamazeni! Huyu hafanyi mzaha. Kasuku, nitazame. Cheka."

Akacheka upande mmoja.

"Inua mikono yote miwili."

Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukakatalia njiani, ukashuka.

"Gari! Nani ana gari? Sasa hivi!"

"Mpeni maji kwanza, Sista," alisema mtu.

"Hakuna maji! Hakuna chakula, hakuna kidonge. Koo lake huenda halimezi vizuri. Yatampalia."

"Basi alale kidogo, apumzike."

"Akilala hapa ataamka bila mkono. Nimesema gari!"

Muuza mboga wa jirani akamwaga kabichi zake chini, akawasha pikapu. Kasuku akapakiwa, mkewe upande huu, Sista upande ule. Binti akabaki kufunga bucha.

Hawajafika nusu ya njia, vidole vya Kasuku vikaanza kujikunja. Mdomo ukarudi mahali pake. Neno la kwanza lililotoka likiwa zima lilikuwa hili:

"Nani yuko kwenye mizani?"

Mkewe alilia na kucheka kwa pamoja. "Mizani! Mtu karudi kutoka kaburini anauliza mizani!"

"Imepita," Kasuku alisema. "Geuzeni gari. Nina wateja."

"Haigeuzwi," Sista alijibu. "Hicho kilikuwa kiharusi kidogo. Kimepiga hodi tu. Ukisikia mwizi anajaribu kitasa cha mlango wako, kisha akaenda zake, utarudi kulala?"

Kasuku akanyamaza. Muuza mboga alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli.

Hospitali wakampima, wakapiga picha ya kichwa. Daktari akauliza, "Dawa za moyo unakunywa?"

"Ile nyeupe nakunywa."

"Na nyingine?"

Kasuku akatazama dari.

"Baba watoto?" mkewe aliita.

"Niliiacha. Tangu nilipojikata kidole."

"Kumbe! Kila asubuhi 'nimekunywa dawa, nimekunywa dawa', kumbe unaniimbia nusu wimbo!"

Kasuku akaeleza yote: damu nyepesi, mjomba, mnyama mgonjwa, mteja aliyekunja uso. Daktari hakumcheka. Sista akavuta kiti.

"Wewe ni mtu wa nyama. Nikuulize. Ukikinga damu kwenye beseni, ukaiacha imetulia, inakuwaje?"

"Inaganda. Inashikana bonge kama ini. Hata mtoto anajua."

"Haya. Moyo una vyumba. Moyo wenye mpangilio unakamua damu yote, hainyamazi mahali. Moyo wako, vile vyumba vya juu havikamui sawasawa, vinatetemeka tu. Damu inatuama kwenye kona. Ikituama je?"

Kasuku aliliona beseni mbele ya macho yake.

"Inashikana bonge," alisema polepole.

"Bonge likitoka linapanda na damu kichwani, linaziba mshipa. Leo tunadhani lilikuwa dogo, likapita. Likija kubwa linaondoka na mkono. Linaondoka na maneno."

"Maneno yangu?"

"Yako yote, Kasuku."

Mkewe akamshika mkono ule wa kulia, asiuachie.

"Na hicho cha pinki kinafanya nini?"

"Kinazuia damu isishikane upesi. Hakigeuzi damu yako kuwa maji. Inabaki nyekundu, na nguvu zako ni zile zile. Sisi ndio tunasema 'nyepesi', na neno lenyewe ni baya. Hukisikii kwa sababu kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee. Cheupe kinatuliza mwendo wa moyo. Hakizuii bonge. Kila kimoja kina kazi yake, hakuna kinachomfanyia mwenzake."

Kasuku akainuka kitini. Sauti ikamrudia nzima.

"Mbona hamkuniambia hivi siku ya kwanza? Hii ni habari ya dakika chache! Mlinipa kidonge mkaninyima maana yake!"

Sista aliinamisha macho. "Una haki. Foleni ilikuwa ndefu, lakini hiyo si sababu. Tulikosea."

"Na visu vyangu? Mimi natafuta riziki kwa visu."

"Swali hilo ungetuletea sisi, usingelimaliza peke yako kimya kimya. Ipo glovu ya chuma ya wauza nyama. Ivae. Ukijikata, bana kidonda kwa kitambaa safi, bana kwa nguvu, usichungulie chungulie. Damu ikikataa kukoma, njoo. Ukianguka ukajigonga kichwa, njoo hata kama huumwi. Choo kikiwa cheusi au mkojo ukiwa na damu, njoo siku hiyo hiyo."

"Jino likiniuma? Nanunua tu dawa ya maumivu dukani."

"Hununui bila kuuliza! Nyingine zikikutana na hii zinakutoa damu tumboni. Na daktari wa meno mwambie kabla hajashika koleo."

"Nikisahau siku moja, kesho nimeze viwili?"

"Usimeze viwili kwa mpigo. Tuulize. Na usiache hata kimoja bila kutuambia."

"Sista," mkewe aliingilia, "huyu nitamlinda mimi. Atafungua mdomo nichungulie hadi kidakatonge."

Daktari alipohakikisha kichwani hakuna damu iliyovuja, akampangia siku ya kuanza tena cha pinki. Kasuku akarudi nyumbani kwa miguu yake, akisalimia hata mbuzi.

Bucha ikabadilika. Glovu ya chuma ilipofika, watoto wa mtaa walijaa dirishani kuitazama. Kisu cha kutolea mifupa kilihamia kwa binti. Kasuku aliona uchungu kumpa, na binti akaona.

"Baba, unanipa kisu au unakiaga?"

"Chukua kabla sijabadili mawazo."

Binti akatoa mfupa wa paja safi, hakuacha nyama hata ya kulisha paka. Kasuku akaugeuza mfupa ule huku na huku, akitafuta kosa. Hakuliona. Wiki iliyofuata wateja walikuwa wakisema, "Mimi nakatiwa na binti. Wewe Kasuku endelea na hadithi."

"Nimepinduliwa kwenye bucha yangu!" alipiga kelele, na uso wake ukawaka kwa furaha.

Dawa sasa ilimezwa mbele ya wateja. Mkewe aliita kutoka kwenye mizani, "Cheupe!" Foleni ikajibu, "Kimeshuka!" "Cha pinki!" "Kimeshuka!" Hata waliokuja kununua utumbo tu waliitikia.

Kisha mama muuza mkaa akamvuta pembeni. "Kasuku, nami ninazo hizo mbili. Moja niliiacha. Sioni kazi yake."

"Vua aproni ya mkaa, tunakwenda kuuliza leo."

Ilikuwa siku ya kliniki, wakaenda wanne: Kasuku, mkewe, mama muuza mkaa na mteja mmoja aliyewasikia. Walipofika dirishani na kusikia "Mwingine!", Kasuku hakusogea.

"Hakuna mwingine. Huyu mama hajui vidonge vyake vinafanya kazi gani. Atasogea akijua."

"Mzee, kuna foleni."

"Foleni yenyewe haijui! Jamani, nani hapa anajua kazi ya kila kidonge chake? Ainue mkono!"

Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, tena kwa woga. Minong'ono ikawa makelele. Muuguzi mkuu akatoka ofisini kuona kuna nini. Hakukuta vita. Alikuta wagonjwa wakidai waelezwe, na Sista amesimama upande wao. Tangu hapo, kila asubuhi ya kliniki, kabla dirisha halijafunguliwa, muuguzi mmoja huketi na watu waliokwisha kupanga foleni na kuwaeleza kila dawa kwa maneno ya nyumbani. Watu huuliza, hubishana, hucheka. Mama muuza mkaa sasa ndiye anayewafundisha wapya kupima mapigo ya mkono. Kasuku akipimwa, moyo wake bado una mtindo wake, lakini haukimbii ovyo, na mkono wa kulia unainua msumeno kama zamani.

Hayo yamewezekana kwa sababu mtu mmoja kwenye foleni hakugeuza uso. Wewe je? Nyumbani kwako yupo anayemeza vidonge asivyovijua, au ameacha kimoja na hajakuambia. Unamjua. Usingoje aanguke ndipo ulie. Inuka sasa, kaa karibu naye, mwambie akutolee dawa zake zote, na muulize kila moja kazi yake ni nini. Kama hajui, kesho asubuhi nenda naye kliniki, simameni dirishani, na msisogee mpaka mmejibiwa.