Akala za Wachimba Matuta

Mutunga alikuwa fundi wa akala, viatu vya tairi, katika soko la Kathonzweni. Mteja alikanyaga kipande cha tairi, Mutunga akauchora mguu kwa chaki, kisha akakata. Kwa njia hiyo ni vigumu kukosea, na Mutunga alijivuna kama kwamba ustadi wote ulikuwa wake.

Mwaka wa 1983 alipata kazi kubwa. Wanaume mia mbili walikuwa wanakuja kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Msimamizi alitaka kila mmoja apewe akala siku ya kwanza, kwa sababu ya miiba. Lakini wanaume wenyewe walikuwa bado kwao, Mbumbuni na Matiliku. Tairi nazo zilitosha jozi mia mbili tu. Mutunga akiharibu, kazi zote za baadaye zingeenda kwa fundi mwingine. Aliogopa hilo, ingawa mbele za watu alijikaza.

"Nitakata saizi tatu," alimwambia mkewe, Muthoki. "Ndogo, ya kati na kubwa. Zote sawasawa. Hiyo ndio haki."

Muthoki akacheka. "Baba Mbula, unagawa nyama ya harusi ama unakata akala? Miguu haijui haki."

Mutunga akanuna. Alikuwa shemasi, na kanisani alisifiwa kwa kugawa sawasawa. Lakini soli ikishakatwa ndogo haiwezi kuwa kubwa tena. Akaweka kisu chini, akaenda kwa jirani yake Nzilani, mwalimu wa gumbaru, shule ya watu wazima.

"Hata mimi sijui miguu yao," Nzilani alisema. "Lakini tunaweza kukadiria. Tupime wanaume wa hapa, maana wanafanana na hao. Usichague ndugu zako peke yao. Pima kila anayetoka kanisani."

Jumapili wakapima wanaume hamsini. Wazee walinung'unika kuvuliwa viatu hadharani, lakini wakapimwa. Nzilani akajumlisha urefu wa miguu, akagawanya kwa hamsini. Wastani ukawa sentimita 26. Kisha akapiga hesabu kujua miguu hutofautiana na wastani huo kwa kiasi gani. Akapata sentimita moja.

Akamwaga ndengu chini kutoka kwenye kikombe. Nyingi zikarundikana katikati, chache zikasambaa pembeni.

"Miguu iko hivi," alisema. "Wengi wako karibu na wastani. Kwa kila watu mia, kama 68 wako kati ya sentimita 25 na 27. Kumi na sita wako chini ya hapo, na kumi na sita wako juu."

"Na kwa mia mbili?"

"Zidisha mara mbili. Wa kati 136. Wadogo 32, wakubwa 32."

Mutunga akashika kichwa. Kwa haki yake, angekata karibu 67 za kila saizi. Watu wa kati kama sabini wangekosa akala.

"Tena kuna wa pembeni kabisa," Nzilani akaendelea. "Kwa kila mia, 95 wako kati ya 24 na 28. Watano wanabaki nje. Kwa mia mbili, hao ni kumi."

"Sasa hao nitawakatia aje?"

"Usiwakatie. Acha tairi ya jozi kumi. Wakifika, wakanyage. Lakini haya ni makadirio, mzee. Inaweza kuzidi ama kupungua kidogo."

Mutunga akapunguza watano kila upande, akakata jozi 27 ndogo, 136 za kati na 27 kubwa.

Wachimbaji walipofika, za kati zilipungua jozi moja tu. Wa pembeni kabisa walikuwa tisa, si kumi, kwa hiyo tairi iliyoachwa ikamtosha na yule wa kati. Msimamizi akamwagiza Mutunga akala za kundi la pili papo hapo.

Mtu mmoja alikuwa bado amesimama kando. Aliitwa Jonah, na nyayo zake kubwa zilikuwa zimepasuka.

"Mimi niache tu, fundi," alisema. "Saizi yangu huwa haipatikani. Nimezoea kutembea hivi."

Mutunga akamwekea tairi miguuni. "Kanyaga hapa. Hii ni yako."

"Ulijua aje nitakuja?"

"Jina lako sikujua," Mutunga alisema, akitoa chaki. "Lakini kwa hesabu ulikuwemo."

Jonah akapangusa nyayo zake vizuri, moja baada ya nyingine, kisha akakanyaga.