Huyo Si Kaka Yangu

— Kaka, nishikie hii tepu.

Binti fundi cherehani alisema hivyo na pini tatu mdomoni, kama kawaida yake. Miwani, fundi saa wa meza ya pili humohumo chumbani, akainuka bila kuuliza. Hata tepu hawajaikunja, shangazi yake binti akaingia, jasho usoni, furaha tele.

— Nyie! Jumamosi wageni wanaleta posa. Yule mwalimu hana mchezo! Sasa, baba yako hatunaye, na kaka wa kuzaliwa huna. Nani azungumze upande wetu? Nikawaza, nikasema, si kaka yake huyu hapa!

Pini moja ikadondoka.

— Mimi, shangazi? Miwani akauliza.

— Wewe. Miaka mitatu anakuita kaka, leo unaruka?

Sasa sikilizeni. Hawa wawili hawakuwa ndugu hata wa kuazima. Neno "kaka" binti aliliokota siku ya kwanza walipogawana chumba cha kazi, ili majirani wakose la kusema. Majirani kweli wakanyamaza. Balaa ni kwamba moyo wake haukunyamaza, na neno lilikuwa limeshamganda mdomoni. Mwalimu alipomtaka uchumba, binti alijibu "nitafikiri", akitumaini habari itamfikia Miwani aamke.

Binti akamtazama Miwani kwa macho ya kuomba: kataa basi, kataa!

— Nitakuja, shangazi, Miwani akasema, akairudia meza yake.

Jioni hiyo Miwani aliwahi kuondoka. Binti akamtumia ujumbe: "Umekubali kweli?"

"Ningesema nini? Ukaka umenipa wewe, mimi sikuomba. Mwalimu ni mtu mzuri, utatulia."

Mungu wangu! Akishapokea posa kama kaka, basi, kaka atabaki hadi kaburini. Binti akaandika "Kaka". Akafuta. Akaandika "Miwani". Hilo la mtaa mzima, akafuta. Akaandika "Mpenzi", aibu ikampanda hadi masikioni, akafuta mbio kana kwamba shangazi anachungulia. Mwisho akatuma bila jina: "Usije Jumamosi."

"Nimeshaahidi."

Jumamosi, nyumbani kwa shangazi, mwalimu na baba yake mdogo wakaketi kochi moja, shangazi na Miwani la pili. Binti akaingia na sinia la chai.

— Karibuni, shangazi akasema. Huyu ni kaka wa binti, ndiye atakayewajibu.

Miwani akakohoa.

— Sisi... upande wa...

Sinia likatua mezani kwa kishindo.

— Huyo si kaka yangu.

— We mtoto! Una wazimu?

— Nina akili zangu, shangazi. Si kaka yangu na sijawahi kutaka awe kaka. Nilimwita hivyo kwa kuogopa midomo ya watu. Mwalimu, nisamehe. Ningekwambia mapema, ila nilikuwa nasubiri aseme yeye.

— Na mimi nasubiri aache kuniita kaka, Miwani akasema kwa sauti ndogo. Nitamtongozaje mtu anayeniita kaka?

Baba mdogo wa mwalimu kicheko kikamponyoka. Mwalimu mwenyewe hakucheka. Aliinuka, akanyoosha shati.

— Imeniuma, sitaficha. Lakini heri nimesikia leo kuliko ningesikia nimeshaitwa mume. Bakini salama.

Shangazi akawasindikiza huku akiomba radhi kila hatua. Aliporudi, mikono ilikuwa kiunoni.

— Wewe Miwani, toka kwenye kochi langu!

— Shangazi, naomba unisikilize...

— Toka! Hapo ni upande wetu. Unataka kuoa, halafu unakaa upande wa binti? Nenda nje ukapige hodi kama wanaume wenzio!

Miwani akatoka nusura aache kiatu. Shangazi akaufunga mlango.

— Hodi!

— Nani? shangazi akauliza kwa ukali, ingawa midomo ilikuwa inamcheza.

Maskini Miwani, hakujua ajitaje nani. Mle ndani ukaka ulikuwa umeshamtoka, na jina jingine hajapewa.

Binti akafuta machozi kwa mkono wa gauni.

— Ni wangu, shangazi. Mfungulie.