Sakafu Haijakauka

"Usikanyage! Dada, usikanyage hapo!"

Sauti ilitoka chini, usawa wa magoti ya watu. Binti mwenye gauni la njano aliganda, mguu mmoja hewani, bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mbele ya kiatu chake cheupe kulikuwa na kigae kilicholazwa dakika ile ile, na nyuma ya kigae kijana amepiga magoti, penseli sikioni, kope nyeupe kwa vumbi la saruji.

"Sasa huu mguu niuweke wapi?" binti akauliza.

"Urudishe ulikoutoa."

"Nilikoutoa kashasimama mzee na mkongojo wake."

Foleni ikaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akavuta kipande cha ubao, akavua kofia yake na kuitandika juu. "Haya, malkia. Kanyaga hapa."

Ukumbi wa wizara ulikuwa umejaa pomoni. Watu walipangana kuanzia mlango mkubwa hadi kwenye ngazi, wote wakisubiri chumba kimoja tu, chumba cha muhuri. Na ule mwezi ambao watu hujaa kuliko yote ndio wakubwa waliouona unafaa kung'oa sakafu. Miezi kumi na miwili ya mwaka, wakachagua huo.

Binti yule walimwita Jibu tangu shule ya msingi, kwa kuwa mwalimu alikuwa hajamaliza swali naye keshanyoosha mkono. Sasa alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma hesabu chuo kikuu, nchi za watu. Kilichobaki ni muhuri mmoja kwenye cheti chake cha shule. Kitu cha nusu dakika. Ila wa kuupiga siku hiyo alikuwa kikaoni, na jana yake alikuwa kikaoni pia. Marehemu mke wangu aliwahi kukaa benchi la namna hiyo, akingoja karatasi ya rufaa isainiwe na mtu ambaye hakuwapo. Najua ninachosema.

Jibu akakalia boksi la vigae, akawa anamtazama fundi akivuta uzi kutoka ukutani.

"Unapima nini?"

"Kona. Kuta za serikali hazijanyooka. Tatu huku, nne huku, na ukikuta mshazari ni tano, basi kona imekaa sawa."

"Hiyo ni kanuni ya pembetatu mraba!" Jibu nusura aanguke na boksi. "Nani alikufundisha?"

"Uzi."

"Nakwambia ina jina lake."

"Jina silikatai. Kwa nini inakuwa hivyo?"

Jibu akaitaja kanuni nzima, herufi zote, mbio mbio kama mtu anayetaja namba yake ya simu.

"Hilo bado ni jina," fundi akasema taratibu, bila kumcheka. "Mimi nimeuliza kwa nini."

Jibu akautazama ule uzi, kisha akamtazama aliyeishika. Vidole vyake vilikuwa vimekatikakatika, lakini vilishika uzi kwa upole wa ajabu.

"Masomo yanaanza lini?" fundi akauliza.

"Mwanzo wa mwezi ujao. Muda bado upo."

Hilo la muda kuwapo fundi alilisikia, akaliweka moyoni. Mchana karani akatoa kichwa. "Fundi! Hapa mlangoni kwa mkubwa umemaliza. Patakauka lini?"

Ukweli ulikuwa siku mbili. Fundi akatupa jicho kwenye gauni la njano. "Siku kumi."

"Kumi!"

"Ukitaka vigae vicheze kama meno ya bibi, sema tano."

Karani akaingia ndani, na kabla fundi hajaokota mwiko wake, mkubwa wa muhuri, yule wa kikaoni, alitoka, mkoba begani, akipita kwenye ubao kwa tabasamu la mtu aliyepewa likizo. Ofisi ikafungwa siku kumi. Jengo la ghorofa sita, limejaa wenye digrii, asipatikane hata mmoja wa kuinama akaigusa sakafu kwa kidole.

Foleni haikuruhusiwa kuondoka. Kila asubuhi karani alisoma orodha ya majina, na asiyeitika alifutwa na kuanza upya. Ofisi imefungwa, orodha inasomwa! Kwa hiyo Jibu alikuja kila asubuhi, akaitika, akakaa kwenye boksi lake. Fundi alikuwa akiendelea na upande wa pili wa ukumbi.

"Profesa, leo umevaa bluu. Ile njano umeipeleka wapi?"

"Imefuliwa. Kwani gauni ni lako?"

"Mimi nauliza tu, ili nijue vigae vipi vinaendana."

Walikunywa chai kwenye kifuniko kimoja cha chupa. Jibu alimfundisha kuhesabu vigae vya chumba bila kuvigusa. Fundi alimfundisha kwamba chumba huanzwa katikati, unavipanga kwanza bila saruji, uone vitakavyoishia ukutani. "Wanaoanzia ukutani," alisema, "wakifika mlangoni wanabaki na kipande chembamba kama kucha. Aibu tupu." Siku ya saba Jibu aliegemeza kichwa kwenye bega lenye vumbi, akalala usingizi kidogo. Fundi hakusogea mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku ya kumi na moja muhuri ulipigwa. Nusu dakika, kama nilivyosema. Lakini baada ya muhuri kulikuwa na foleni ya viza, na huko nako kulikuwa na wakubwa wao. Zile siku kumi zikazaa nyingine kumi na tano. Jibu alipopanda ndege, wenzake walikuwa darasani wiki ya pili.

Uwanjani fundi alimpa uzi wenye mafundo kumi na mbili. "Tatu, nne, tano. Ukifika, pima kona za huko."

"Nikikuta hazijanyooka?"

"Rudi nyumbani."

*

Chumba cha Jibu kilikuwa ghorofa ya tatu, kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Alivaa masweta mawili, la pili la rangi ya majivu, kubwa kama la kaka mtu. Kila Jumamosi mchana simu iliita.

"Malkia wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, unajipaka mafuta mikononi?"

"Fundi ajipake mafuta, mwiko si utamponyoka!"

Alicheka. Lakini kadiri wiki zilivyokwenda kicheko kilipungua, na siku moja kikaisha. Mtihani wa kwanza ulikuwa umerudishwa.

Nyumbani Jibu alifundishwa hivi: andika kanuni, ingiza namba, pata jibu, lipigie mistari miwili chini. Hivyo ndivyo walivyotaka waliotunga mitihani yetu, maana ni rahisi kusahihisha. Huko swali lilisema: onyesha kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa hupatikana namba shufwa. Jibu akaandika tatu na tano ni nane, saba na tisa ni kumi na sita, akapiga mistari miwili kwa rula. Mhadhiri, mama mtu mzima mwenye nywele fupi nyeupe, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: *Kwa nini zote?* Ukurasa wa pili, *Kwa nini?* Ukurasa wa tatu, *Kwa nini?* Alama zilikuwa kumi na moja katika mia.

"Wenzangu wanajua kinachotakiwa," alimwambia fundi. "Walifundishwa wiki mbili za mwanzo. Wiki zile ambazo mimi sikuwapo. Kuna mtihani wa marudio. Nikianguka tena, ufadhili umekwisha, narudi na sanduku langu."

Upande wa pili mwiko uliwekwa chini.

"Fundi? Upo?"

"Nipo." Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katika jiko la watu ambalo halijakamilika. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila yeye. "Mpenzi, nina jambo. Ile sakafu ya mlangoni kwa mkubwa."

"Imefanyaje?"

"Ilikauka siku ya pili. Zile siku kumi nilizitunga."

Dirishani ukuta wa matofali ulikuwa pale pale.

"Ulizitunga."

"Nilitaka uendelee kuja. Ulisema muda upo, nami sikujua kuna foleni nyingine mbele. Sikupiga hesabu hiyo."

"Hukupiga hesabu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomtisha fundi. "Mama yangu ameuambia mtaa mzima kwamba mwanawe anasoma hesabu. Usinipigie tena." Simu ikakatika.

Fundi hakupiga. Jumamosi ya kwanza ikapita, na ya pili. Dada yake, ambaye aliishi naye tangu wazazi wafe, akamkuta anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Mdogo wangu, unakoroga nini humo?"

Akamweleza yote. Dada akashika kiuno. "Kakwambia usipige. Hakukwambia usiandike. Na usimwandikie yeye, maneno matamu kakinai. Mwandikie mwalimu wake, ujitwike mzigo wako."

"Mimi? Darasa la saba?"

"Kwani wakati wa kudanganya uliulizwa darasa?"

Akaandika kwa penseli ya kazi, jioni tatu mfululizo. Barua ikapigwa picha, ikatumwa kwenye simu ya Jibu na maneno manne tu: *Mpelekee mwalimu, tafadhali sana.*

Jibu alikaa nayo siku nne. Siku ya tano alibisha hodi kwenye chumba cha mhadhiri, akaisoma huku akiitafsiri, masikio yanawaka.

*Mwalimu, huyu binti alichelewa kwa sababu muhuri ulichelewa. Muhuri ulichelewa kwa sababu ofisi ilifungwa siku kumi. Ofisi ilifungwa kwa sababu mimi nilisema sakafu haijakauka. Sakafu ilikuwa imekauka, kwa sababu saruji ile hukauka siku mbili, yeyote anaweza kuigusa akajua. Nilidanganya kwa sababu alikuwa anakuja kila asubuhi. Kwa hiyo kosa si lake. Ni langu lote. Fundi wa vigae.*

Mhadhiri akavua miwani. "Mwandishi alisomea wapi?"

"Hakusoma sana, mama."

"Nafasi ya ziada siwezi kukupa, marudio ni yale yale ya wote. Lakini tazama. Hakuna mstari unaosimama peke yake humu. Kila mmoja umekalia mwenzake, mpaka anafika alikotaka kufika. Mtihani wako mzima haukuwa na kitu hicho." Akamrudishia simu. "Nenda ukaandike kama yeye."

Jibu akarudi chumbani, akaufungua ule uzi wa mafundo juu ya meza, akaanza tena kutoka namba witiri mbili. Namba witiri ni ipi? Ni ile ambayo ukiigawa mbili mbili, moja inabaki. Basi zikija mbili, zitabaki moja na moja. Na moja na moja ni mbili, hakuna kinachobaki. Akausoma tena mstari huo. Zote. Hata zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziandika.

Marudio alipata sitini na tatu. Jumamosi ile fundi alipokea ujumbe: *Nimefaulu.* Neno moja. Akalisoma mpaka betri ikaisha. Zaidi ya hapo Jibu hakuandika, si kwa hasira tena, bali kwa kuwa alikuwa na lake, na hilo lilitaka uso kwa uso.

*

Alirudi likizo ya mwisho wa mwaka. Hakumwambia mtu ila mama yake na dada wa fundi, aliyemwonyesha njia kwa kidevu: "Pita nyuma. Kuna vyumba viwili anajijengea. Amepiga magoti huko tangu asubuhi, utadhani anatubu."

Fundi alisikia hatua mlangoni, hakuinua kichwa. "Usikanyage, tafadhali."

"Sasa huu mguu niuweke wapi?"

Mwiko ukaanguka. Alikuwa amevaa gauni la njano lile lile, limefuliwa hadi kupauka, na ule uzi wa mafundo amefungia nywele. Kakonda kidogo. Fundi akataka kusimama.

"Kaa hapo hapo," Jibu akasema, "niseme kabla sijaogopa. Siku ya tatu pale wizarani niliinama kufunga kiatu. Nikaigusa ile sakafu."

"Na?"

"Ilikuwa kavu kama mkate wa juzi."

Fundi akamkodolea macho.

"Nilijua. Nikanyamaza, nikarudi kwenye boksi langu. Siku saba nzima nimekaa na kunywa chai yako, muhuri wangu ukinisubiri. Kisha nikakukatia simu kana kwamba peke yako ndiwe uliyedanganya. Nilikukasirikia wewe ili nisijikasirikie mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ulikuwa unanisalimu kila asubuhi." Akacheka, machozi yanamshuka. "Ona, siku hizi nazijua kwa nini."

Mimi ningesema wote wawili tuwasamehe, kosa libaki kwa mwenye muhuri. Lakini wao hawakumtaja hata kidogo. Vijana wana roho nzuri.

"Nimebakiza miaka miwili," Jibu akasema. "Na safari hii hakuna wa kunichelewesha, hata wewe."

"Hata mimi. Ikisomwa orodha, nitakwenda kukuitikia mwenyewe."

"Hiki chumba cha nani?"

"Changu. Nimekianzia katikati, mlangoni hakuna kipande chembamba." Akaokota mwiko wake. "Ni chetu, ukinikubali. Miaka miwili nitangoja. Nimekaa foleni za watu wasio na maana, seuze yako."

Jibu akavua viatu, akaviweka nje ya kizingiti. "Hii sakafu inakauka lini?"

"Hii ya mlangoni ilikauka jana asubuhi. Huku niliko bado, mpaka kesho kutwa."

Jibu akainama, akaweka kiganja chote juu ya kigae cha kwanza, akakibonyeza, akangoja. Kisha akaingia, akatembea peku hadi pale ukavu ulipoishia, akasimama hapo hapo na kumnyooshea mkono.