Skrubu Isiyolegea Yenyewe

Asubuhi moja ya Mei, kwenye mkokoteni wa emoliente nje ya karakana za samani za Villa El Salvador, kusini mwa Lima, watu walikuwa wamebanana wakinywa ile mitishamba ya moto. Fausto Huarcaya, seremala wa hapo, aligeuka na glasi yake, akaimwaga yote kwenye ovaroli ya buluu ya mwanamke aliyesimama nyuma yake.

"Umeshanifua, bwana," alisema mwanamke. "Bado kunipiga pasi."

Alikuwa na nywele za mkia mmoja, hereni ndogo za fedha na sanduku la zana begani. Jina lake Zenaida Ccopa, fundi wa mashine za kompyuta za kuchonga mbao. Fausto alikuwa nayo moja, na ilikuwa ikimtesa.

"Ina kigugumizi," alimweleza. "Ikifika kwenye kona inashtuka. Na mbao zinaungua."

"Unaiendesha kasi gani?"

"Polepole kabisa, nisiharibu."

Zenaida alicheka mpaka muuzaji akageuka. "Ndiyo unavyoharibu! Kisu kinabaki kusugua mahali pamoja, mbao isiungue kwa nini? Mwoga wewe."

Alasiri ileile alikuja kwa Fausto, akakuta skrubu ya kiungio cha mota imelegea. Akaikaza, akaongeza kasi, na kichwa cha kitanda kikatoka na maua safi yasiyo na doa la moshi. Fausto akampakulia supu ya kuku. Nyumba ile yenye karakana ilijengwa kwa ajili ya ndugu wanne, na watatu walikuwa wamehamia Chile. Fausto alikuwa akijibizana na redio. Zenaida alipoondoka, Fausto aliosha sahani mbili, akafurahi kwamba ni mbili.

Wanasema mapenzi ni upofu. Ya Fausto yalikuwa upofu na ujinga juu yake. Wiki iliyofuata alichukua bisibisi, akailegeza skrubu ileile, akapiga simu.

"Zena, imeanza tena."

"Nimeikaza kwa mkono wangu!"

"Labda imekuzoea."

"Mashine haizoei mtu, mwongo wewe. Haya, nakuja."

Alitoka Comas, upande wa pili wa Lima, mabasi mawili na treni, midomo ameipaka rangi ambayo wateja wengine hawakuwahi kuiona. Jambo moja hakumwambia: kazini kwake, mashine ikirudiwa mara tatu kwa kosa lilelile, fundi anavuliwa zana. Mwezi wa Juni akaitwa tena. Alikagua mikanda, grisi, nyaya na namba za kasi, akala supu, akacheka, lakini njiani kurudi alikuwa na hofu.

Mara ya tatu, Julai, aliinama na tochi. Kichwa cha skrubu kilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Skrubu hailegei yenyewe ikajikwaruza, Fausto."

Fausto alitazama viatu vyake. "Nilitaka uje."

"Si ungeniita nije kula! Sina simu mimi? Leo ni mara ya tatu. Kuanzia Jumatatu nahesabu boksi stoo. Miaka tisa nimejijengea jina, na wewe umelifungua kwa bisibisi!"

Aliondoka bila kugusa supu. Simu za Fausto hakuzipokea. Manyunyu ya Lima yalishuka wiki tatu mfululizo, na Fausto akawa anakula amesimama.

Mwishowe alivaa suti yake ya pekee, akaenda ofisini kwa akina Zenaida, akasimama mbele ya Injinia Urrutia, mkuu wao, na mafundi wote.

"Skrubu niliilegeza mimi. Mara tatu. Kazi ya Zenaida haikuwa na kasoro."

Mafundi waliangua kicheko. Injinia hakucheka. Alifuta makosa ya Zenaida, kisha akalifuta na jina la Fausto kwenye orodha ya wateja: hakuna fundi wao atakayekanyaga kwake tena.

Jumapili Zenaida alibisha hodi, amevaa sweta ya manjano, mkononi hana sanduku.

"Chukua bisibisi yako, bingwa. Nakufundisha, maana hakuna atakayekuja."

Walishinda wakilegeza na kukaza. Kufikia jioni Fausto aliweza kuitibu mashine peke yake.

"Basi," alisema Zenaida akijipangusa mikono. "Huna tena sababu ya kuniita."

"Ninayo. Nakupenda, Zena. Na nyumba hii inanishinda peke yangu."

Macho ya Zenaida yalijaa machozi. "Ungelisema hilo Mei, nisingeomba uhamisho wa kwenda Arequipa. Nilisaini nikiwa na hasira. Miaka miwili. Basi langu ni kesho."

Akamshika shavu kwa mkono wenye grisi, akatoka.

Jumatatu mchana mashine ilikuwa ikienda laini, haina la kulalamikia. Fausto aliizima, akapiga simu. Basi lilikuwa limeshapita Ica, njiani kwenda Arequipa.

"Imekwama?" aliuliza Zenaida.

"Nzima kabisa."

Injini ya basi ikanguruma kwenye simu.

"Basi niambie umekula nini," alisema Zenaida.

Fausto akavuta kiti, akaanza kumweleza.