Robota la Kwihara

Mwalimu Nassibu alikuwa mtu wa mipango. Hata kikopo cha chumvi kilikuwa na mahali pake mezani, na mkewe Batuli alikuwa akikisogeza makusudi ili tu amwone anavyokirudisha. Basi mwaka ule wa sabini na nne, alipoandika barua ya kuomba ruhusa ya kuwapeleka darasa la sita kwenye tembe la Kwihara, nyumba ile maarufu ya enzi za misafara, hakuona vyema kupeleka watoto arobaini mahali ambapo hajapakagua kwa macho yake. Watakaa wapi? Watakunywa nini? Alichukua daftari lake, akapanda baiskeli jioni ya saa kumi na moja, akamwambia Batuli atarudi kabla ugali haujapoa.

Alimkuta mlinzi wa tembe, Mzee Lukumani, amejilaza barazani kwake, mguu mmoja umevimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Njoo kesho asubuhi nikutembeze."

"Kesho asubuhi tuko shamba la shule. Nipe ufunguo tu, sichukui hata nusu saa."

Mzee akautoa ufunguo chini ya mto.

"Ukitoka, funga. Na humo ndani usipokee kitu."

"Mimi mwalimu, mzee. Sipokei rushwa."

Alicheka peke yake. Mzee alikwishageuza uso ukutani.

Ndani ya tembe kulikuwa na baridi, ingawa nje udongo ulikuwa bado na joto la mchana. Nassibu alipita chumba kwa chumba akiandika. *Viazi wavilie uani. Maji wabebe wenyewe. Chumba cha nyuma giza, wasiingie.* Jua lilishuka nyuma ya ukuta. Alisogea karibu na mlango aweze kuona anachoandika, na hapo ndipo pua yake ilipopata harufu. Jasho. Jasho la mtu aliyetembea siku nzima, limechanganyika na harufu ya nguo zilizokaa mno bila kufunguliwa.

Halafu akasikia mtu anahema.

Pale uani, karibu na mlango wa chumba cha nyuma, alisimama mwanamume mwenye kaniki kiunoni. Begani alikuwa na robota, mzigo mrefu wa nguo uliofungwa kwa mkeka na kamba. Magoti yake yalikuwa yakitetemeka.

Nassibu hakuogopa. Alidhani ni mwanakijiji anapita njia ya mkato kupeleka mali mnadani.

"Nitue..." mtu yule alinong'ona. "Nitue, mwanangu."

Sasa hapa wapo watakaosema wao wangekimbia. Wamekulia wapi hao? Nassibu alilelewa na bibi yake hapohapo Tabora, na bibi yule alimfinya masikio mpaka yakakoma kuwa yake, akimfundisha kwamba mtu mwenye mzigo akikuomba umtue, huulizi jina lake wala kabila lake. Unanyoosha mikono. Mji mzima ulijengwa na watu waliobeba mizigo hadi pwani, na adabu hiyo waliwaachia wajukuu.

Alinyoosha mikono.

Robota liliteleza kutoka bega lile hadi bega lake, na katika kupishana huko aliliona bega la yule mtu. Lilikuwa na bonde. Nyama imekwenda zake, mfupa umelainika mithili ya mpini wa jembe la zamani.

"Ahsante," yule mtu alisema, akinyoosha shingo taratibu. "Masele aliniambia anakwenda kuchota maji. Nikamsubiri... Ahsante, mjukuu wa Masele."

Masele lilikuwa jina la babu yake Nassibu, mzaa baba.

Alipogeuka kumuuliza amemjuaje, uani hapakuwa na mtu.

Nassibu aliinama autue mzigo chini. Haukushuka. Akainamisha bega, akajitikisa, akapiga magoti, akajaribu kuuviringisha ukutani. Robota lilibaki palepale, mkeka umeshikana na shati, shati limeshikana na ngozi. Haidhuru, alijiambia, atatoka nao hivyohivyo, akaombe msaada kwa Lukumani.

Mlango ulikuwa wazi. Aliiona baiskeli yake nje, imeegemea ukuta, hatua tano tu.

Hatua ya kwanza, mzigo ukaongezeka. Ya pili, mgongo ukapinda. Ya tatu, kizingitini kabisa, ulikuwa mzito hata magoti yakakunjika na pumzi ikakatika. Akarudi nyuma kwa kutambaa. Mzigo ukapungua, ukawa ule wa kawaida wa kubebeka. Akajaribu kutoka kinyumenyume. Akajaribu mbio. Mara ya nne alionja damu mdomoni.

Akapiga kelele. Sauti yake iligonga kuta za ua, ikamrudia.

Na kutoka chumba cha nyuma, kile alichoandika watoto wasiingie, kulikuja sauti za miguu. Watu wengi wanabadilisha mguu wa kusimamia, kama wanavyofanya watu waliopanga foleni kwa muda mrefu. Mtu akakohoa. Njuga ikalia mara moja, ikanyamaza.

Walikuwa wakisubiri safari ianze.

Hajui alisimama pale kwa muda gani. Mwezi ulikuwa haujatoka. Bega lilikuwa limekufa ganzi, kisha ganzi ikaisha, na maumivu yaliyokuja baada ya hapo yalimfanya alie waziwazi. Ndipo alipoona mwanga wa tochi njiani, na kusikia mnyororo wa baiskeli ya kuazima.

"Mwalimu?" Ilikuwa sauti ya Batuli. "Ugali umekuwa jiwe. Umekuja kukagua au kuhamia?"

Alisimama kizingitini, khanga kichwani, tochi mkononi. Nassibu alimpenda kuliko kitu chochote duniani. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu ni kweli.

"Usiingie," alimwambia.

"Mbona unalia? Umebeba nini?"

"Batuli, rudi nyumbani. Kamwite Mzee Lukumani."

"Nirudi nikuache na mzigo begani? Nimezaliwa porini mimi?"

Akaingia. Tochi akaiweka chini, akajifunga khanga kiunoni, akasogea na mikono miwili mbele, kama alivyofundishwa na mama yake, na mama wa mama yake.

Nassibu alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Ua ule ni mpana, na miguu yake ilikuwa na nguvu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na neno alilolitaka lilikuwa *usinishike*. Alilipanga kabisa mdomoni.

"Nitue," alisema.

Alijikuta nje. Upepo wa usiku ulimpiga shingoni na shingo ikanyooka, na wepesi ule ulikuwa mtamu hata akaona aibu. Nyuma yake alisikia Batuli akishusha pumzi kwa nguvu.

"Mwalimu... mbona haushuki?"

Hakugeuka. Alijiambia anakwenda kutafuta msaada. Aliuvuta mlango, akaufunga kwa ufunguo. Si aliambiwa akitoka afunge?

Wanamgambo walitafuta siku tatu, maporini na visimani. Tembe lilifunguliwa mchana kweupe, wakaikuta baiskeli ya kuazima nje na tochi uani, betri zimekwisha. Nassibu alisema hakumwona mkewe. Mzee Lukumani aliyasikia hayo, akangoja watu watawanyike.

"Ulipokea," alisema.

"Nilimtua mtu tu, mzee."

"Na Masele alisema hivyohivyo. Baba yangu alimwona akirudi peke yake, anaimba, na mwenzake hajaonekana mpaka leo."

"Atatokaje?"

Mzee aliupapasa mguu wake uliovimba.

"Apatikane mwingine wa kumtua. Au aliyemwachia mzigo akauchukue tena mwenyewe. Hilo la pili sijawahi kuliona."

Nassibu alikwenda. Asidhaniwe hakwenda. Jioni ishirini na mbili alipanda baiskeli hadi Kwihara, akaiegemeza ukutani, akausogelea ule mlango na kuweka sikio. Kila jioni aliisikia sauti ile, ikizidi kuwa ndogo.

"Mwalimu... bega linaniuma. Nitue."

Na kila jioni bega lake mwenyewe lilianza kuwaka moto, lile lenye kovu jipya lenye umbo la kamba, na miguu ikamrudisha kwenye baiskeli. Alilia njia nzima. Alikuwa akimpenda kweli.

Siku ya ishirini na tatu barua ilifika kutoka ofisi ya elimu. Ruhusa imetolewa. Darasa la sita, ziara ya Kwihara, Jumamosi.

Usiku ule aliketi mezani na daftari la mahudhurio. Kikopo cha chumvi kilikuwa mahali pake. Alipaswa kuandika kwamba ziara imefutwa, sentensi moja tu. Badala yake alipitisha kalamu kwenye majina, taratibu, akiwakumbuka mmoja mmoja. Huyu mkorofi, hamsalimii hata mwalimu mkuu. Huyu mvivu, akiona ndoo hugeuza njia. Huyu ataogopa giza.

Kalamu ikasimama kwa Paskazia, miaka kumi na mitatu, mtoto wa kijiji cha juu. Kila asubuhi alimkimbilia Nassibu njiani, akamtua madaftari bila kuombwa.

Alilifuta jina lake kwa mstari mmoja.

Alikaa akiutazama ule mstari. Halafu chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaliandika upya.