Kutoka Perth kwa Usiku Mmoja

Mzee Kimeli alikuwa kifudifudi nje ya jikoni, nyumbani kwake Merigi, paji la uso likiwa limegonga jiwe la kukanyagia. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa na michubuko. Kuna mtu alikuwa amemshika. Ndani ya kiganja kulikuwa na ufunguo, na Inspekta Mongina alilazimika kukunjua kidole kimoja kimoja ili autoe.

"Ufunguo wa nini?"

"Wa stoo, madam," alijibu Nelvine, binti wa marehemu, aliyemkuta hivyo alipotoka kanisani. "Hakuna kitu ya kuiba huko. Ni kibuyu cha mursik tu, maziwa ya kugandisha ya kumkaribisha kaka yangu Weldon. Baba huweka maziwa mapya kila mara, na hakuna mtu anaruhusiwa kuonja mpaka Weldon arudi."

"Amerudi?"

"Wapi! Yuko Perth, Australia. Nimempigia sasa hivi, saa sita."

Jambo hilo lilimkaa Mongina rohoni. Kibuyu cha mgeni ambaye hajaja, mzee alikuwa anakifuatia nini?

Jumatatu alfajiri, ng'ombe hawajakamuliwa, Weldon akaingia na sanduku. Mongina alipofika wakati wa chai, majirani walikuwa bado wanastaajabu.

"Ndege ni kitu ingine, jameni! Jana Australia, leo Merigi!"

Laiti wangenyamaza, maskini. Mongina alimwita kijana pembeni, karibu na stoo.

"Ulipitia wapi?"

"Doha, afande."

"Baada ya simu ya Nelvine?"

"Hapo hapo."

"Dada yangu ni nesi huko Perth. Mpaka Doha ni kama saa kumi na moja angani. Doha mpaka Nairobi, tano na zaidi. Bado hujangoja ndege ya pili, bado hujashika barabara ya Bomet. Weldon, ulikuwa wapi?"

"Longisa, hapa karibu. Kwa lojing."

"Na Perth?"

"Sikuwahi kuenda. Viza ilikataliwa nikishafika Nairobi, na kanisa lote limeniombea, limeniaga. Ningerudi na uso gani? Miaka mitatu nimebeba mawe kwa mjengo, nikisema niko ng'ambo."

"Na jana?"

"Nilichoka na uongo. Nikaja watu wakiwa kanisani, nikamwambia baba yote. Hakusema hata neno moja. Akainuka, akachukua ufunguo kwa ukuta, akatoka. Nikadhani anafunga boma aende kunianika mbele ya watu. Nikamshika mkono. Akajivuta. Nikaachilia." Alifunika uso. "Nilimwita, hakuitika. Nikatoroka."

"Ungengoja siku mbili tu, hata mimi nisingeuliza kitu. Mbona haraka hiyo?"

"Nelvine alilia sana kwa simu. Alikuwa peke yake."

Mongina alishusha pumzi. Kesi nyingi alizifunga kwa furaha, lakini hii alitamani angekosea. Akautoa ufunguo.

"Huu ndio alikuwa ameshika. Ni wa stoo, Weldon. Hakuwa anaenda kuita mtu."

Weldon aliutazama ufunguo, akautazama mlango wa stoo.

"Kibuyu changu?"

"Chako."

Weldon akaketi matopeni na suti yake ya safari.

"Baba, si ungesema tu!" alilia. "Si ungesema tu!"

Mongina alikuwa ameshatoa pingu. Alizirudisha mfukoni, akamwacha alie kwanza.