Mabuti ya Mama, Mbwa wa Baba

Soli ya buti la kulia iliachia katikati ya soko, saa nne ya Jumamosi asubuhi, mbele ya kila mwenye macho. Muuza dawa alikuwa ametoka mlimani, suruali ya michezo imejaa matope hadi magotini, kitambaa chekundu kichwani, na mkononi kamba ya mbwa mzee wa kahawia aitwaye Meneja. Alipiga hatua, soli ikabaki nyuma. Meneja akaiokota kwa meno, akaenda kuketi juu ya mguu wa mtu.

"Dada, mbwa wako kaniletea kazi," alisema mwenye mguu. Alikuwa fundi viatu, amevaa aproni ya ngozi, nyundo imeganda hewani. "Mwambie nashukuru, ila aniondokee. Mimi na mbwa hatuna undugu."

"Haumi."

"Wenye mbwa wote husema hivyo."

Muuza dawa akacheka, kisha akashtuka kujisikia anacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi ya pili.

Mazishi yalikuwa mawili ndani ya mwaka mmoja. Baba alitangulia, ghafla, moyo. Mama akamfuata miezi minane baadaye. Baba alimwachia Meneja. Mama alimwachia mabuti ya kupandia mlima, na mguu wa mama na wake ulikuwa saizi moja. Basi kila Jumamosi alfajiri aliyavaa, akamfunga mbwa kamba, akapanda. Ndugu walisema anachanganyikiwa. Yeye aliyeshinda kaunta akiwagawia watu dawa, sasa kila mtu alikuwa na dawa ya kumpa: maombi, safari, mume. Aliyewaongoza ni shangazi yake, mwanamke mwenye sauti kubwa na mapenzi makubwa, na vyote viwili vilichosha.

Fundi alishona ile soli bure, ila akaomba namba ya simu. Kesho yake akapiga simu kuuliza hali ya buti.

"Buti halijambo."

"Na mwenye buti?"

"Kwani wewe ni fundi au daktari?"

"Inategemea na mgonjwa, mrembo."

Ikawa haipiti siku bila simu. Jioni fundi alimpitia dukani, shati limenyooshwa pasi, harufu ya gundi ikimsaliti chini ya manukato. Mlimani hakuwahi kukanyaga, na alimwogopa Meneja mchana kweupe. Lakini aliweza kusikiliza habari za baba na mama kutwa nzima bila kuangalia saa, na kwa hilo muuza dawa alimpenda kupita kiasi.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, fundi akayaomba mabuti ayatengeneze upya. Akayarudisha yanang'aa, kamba mpya, visigino vipya. Muuza dawa akaingiza mguu, uso ukambadilika.

"Soli ya ndani iko wapi?"

"Ilikwisha ile, mpenzi. Ilibonyea mashimo matano. Nimekuwekea ngozi safi."

"Yale mashimo ni vidole vya mama yangu."

Fundi akainama, akaanza kuzilegeza zile kamba mpya.

"Iko wapi?"

"Imeondoka na takataka. Juzi."

Jioni hiyo hiyo shangazi akapiga simu. "Nilipita kwa kijana wako, nikakuta anang'oa ule uchakavu. Huyo ana akili! Pole pole tutakutoa huko, mwanangu. Bado mbwa tu."

Tutakutoa! Neno lile lilimchoma muuza dawa kuliko hata ile soli. Kumbe walikaa wakamjadili. Akamwandikia fundi ujumbe mmoja: "Mwambie shangazi mgonjwa wenu amekataa dawa." Kisha akaifungia namba yake. Wiki nzima alilia stoo, katikati ya maboksi ya sindano, akanawa uso, akarudi kaunta. Jumamosi akapanda mlima kwa hasira, soli ngeni ikimuuma unyayo. Jumamosi ya pili akapanda tena.

Jumamosi ya tatu shangazi aliitisha kikao cha familia, saa tatu kamili, nyumbani kwake. Ajenda zilijulikana: mbwa apelekwe kwa mlinzi wa shule, binti ahamie kwa shangazi apate kuangaliwa. Muuza dawa akavaa mabuti.

Chini ya mlima alimkuta fundi amesimama, suti nyeusi ya jeans, na miguuni viatu vya harusi vyenye ncha kali.

"Fundi mzima, huna viatu?"

"Vya wateja ninavyo. Vyangu ni hivi."

"Shangazi kakutuma?"

"Shangazi alileta mkoba kushonewa. Akaniona kazini, akasifu, nikanyamaza, na hapo nilikosa. Lakini kuitupa hakunituma mtu. Niliona imechakaa, nikaitupa kama nilivyozoea, sikukuuliza. Siwezi kukurudishia, na hilo linaninyima usingizi. Sijaja kukutoa popote. Nimekuja kupanda."

Muuza dawa alimtazama. Hasira ilikuwa bado ipo, ila alimwamini. Akamnyooshea kamba ya mbwa. "Shika."

"Nimshike... yeye?"

"Si umesema unapanda?"

Walipofika nusu ya mlima, fundi alikuwa anachechemea, malengelenge yamempasuka, Meneja akimburuta bila huruma. Simu ikalia. Muuza dawa akaipokea, akaiweka spika.

"Kikao kizima kinakusubiri wewe!"

"Kiendelee tu, shangazi. Sitoki nyumbani kwetu, na mbwa haendi popote."

"Hivi nani atakuoa wewe, na mbwa wako na milima yako?"

"Mimi, shangazi," fundi alihema. "Akinikubali."

"Nani kakuuliza wewe?" muuza dawa akamgeukia.

"Shangazi ndiye kauliza."

Kicheko kikamponyoka, na machozi hapo hapo. "Jumamosi zangu hazijadiliwi."

"Hazijadiliwi."

"Meneja analala ndani."

Fundi akamtazama Meneja, akameza mate. "Ndani. Lakini si kitandani, mpenzi, nakuomba."

"Nyie!" shangazi akapaza sauti. "Sisi huku tuandike nini?"

"Andikeni nimekubali kuolewa," alisema muuza dawa. "Na andikeni kwamba wazazi wangu bado nawalilia, sijapona, na Jumamosi ijayo nitakuwa hapa hapa."